Unazimia ghafla na kila kipimo kinarudi "kawaida"? Uzi wa kinasa mapigo kinachowekwa chini ya ngozi

Zamu_ya_Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nafanya kazi kitengo cha moyo, upande wa kusoma rekodi za mapigo. Kuna kundi la wagonjwa linaloniuma kuliko mengine yote: mtu anazimia ghafla, anazinduka mzima, anakimbizwa hospitali, anapimwa kila kitu, na kila karatasi inarudi imeandikwa "kawaida". Anaruhusiwa na hofu yake ileile. Miezi inapita, anaanguka tena, safari hii na taya limepasuka. Anapimwa vilevile, majibu yaleyale. Mwishowe anabandikwa jina: huyu ana kifafa, huyu ana mawazo, huyu anajifanya. Nimeona niandike kwa kirefu, maana kipo kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya watu hawa hasa, na wengi wanakuja kukisikia wakiwa wameshahangaika miaka.

Tuanze na kwa nini vipimo vinarudi safi. ECG ya kitandani, yaani kipimo cha umeme wa moyo, inanasa kama sekunde 10 tu za mapigo yako. Moyo unaosimama kwa sekunde nane, mara mbili kwa mwaka, muda wote uliobaki unapiga kama wa mtu mwingine yeyote. Ukipimwa leo na tukio likaja miezi mitatu baadaye, karatasi ya leo haina cha kukuambia kuhusu tukio hilo. Na sekunde nane si muda mdogo. Damu ikikatika kwenda ubongoni kwa sekunde 6 hadi 8 tu, fahamu zinaondoka. Ndiyo maana mtu anadondoka akiwa katikati ya maongezi, na kabla waliomzunguka hawajajua la kufanya ameshafumbua macho anauliza kimetokea nini.

Wengi wanaozimia hawana ugonjwa wa moyo, na hili nalisisitiza ili watu wasiogope bure. Ni mwitikio wa neva: umesimama muda mrefu kwenye joto, umeona damu, umepata maumivu makali, presha inashuka, mapigo yanapungua, unalegea. Kabla ya hapo unasikia kichefuchefu, jasho linakutoka, macho yanaingia giza. Wengine presha yao inaporomoka wakisimama: namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika 3 za kusimama, jibu limeshapatikana kwa mashine ya presha. Hao hawahitaji kuwekewa chochote kifuani. Daktari makini akimsikiliza mgonjwa na aliyemshuhudia akianguka, akapima presha mgonjwa akiwa amelala na akiwa amesimama, akaisoma ECG vizuri, sehemu kubwa ya wagonjwa watapata jibu hapohapo.

Uzi huu ni wa wanaobaki.

Zamani kumfuatilia mtu moyo wake akiwa anatembea ilikuwa kazi kubwa. Norman Holter, mtafiti wa Montana, Marekani, mtambo wake wa kwanza wa kurusha mapigo kwa redio ulibebwa mgongoni na ulikuwa na uzito wa kilo 38 hivi. Mwaka 1961 alichapisha kazi yake kwenye jarida la Science, na kipimo tunachokiita Holter kimebaki na jina lake. Siku hizi kinaingia mfukoni na kwa kawaida unakivaa saa 24 au 48. Ni kipimo kizuri sana kwa mtu anayezimia kila wiki. Kwa anayezimia mara mbili kwa mwaka, uwezekano wa kuzimia ndani ya hizo saa 48 ni mdogo mno, lakini bado utakuta mtu amerudiwa Holter tatu, nne, na kila ikirudi safi anaambiwa moyo wake hauna shida. Hapo ndipo ninapopinga. Holter iliyorudi safi mtu akiwa hajazimia haijaondoa moyo kwenye orodha ya washukiwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, madaktari wa London kule Ontario, Kanada, akina George Klein na Andrew Krahn, walianza kufanyia kazi wazo la kukiweka kinasa ndani ya mwili na kukiacha humo hadi tukio litokee. Vya mwanzo vilikuwa vikubwa kidogo. Kimoja kati ya vinavyotumika sana sasa kina urefu wa sentimita 4.5 hivi, unene wa milimita 4 na uzito wa gramu 2.5, karibu urefu wa njiti ya kiberiti, ila ni kipana zaidi na bapa. Kinaingizwa chini ya ngozi upande wa kushoto wa kifua, kwa ganzi ya pale pale, kupitia chale isiyofika sentimita moja. Hakuna waya unaoingia moyoni. Betri inakaa miaka mitatu, na matoleo mapya yanapita minne.

Kikishaingia kinasikiliza usiku na mchana. Hakihifadhi kila kitu, kinaandika na kufuta, kinaandika na kufuta. Ila moyo ukisimama zaidi ya sekunde 3, au ukienda taratibu kupita kiasi, au ukikimbia kwa kasi isiyo ya kawaida, kipande hicho kinawekwa kando chenyewe. Mgonjwa naye anapewa kidude cha pembeni chenye kitufe: akizinduka anabonyeza, na kifaa kinahifadhi dakika kadhaa zilizopita, yaani zile alizokuwa hana habari na dunia.

Niwape mfano wa kinachoonekana. Mgonjwa mmoja, ambaye ndugu zake walishaambiwa ni mawazo tu, rekodi yake ilionyesha mapigo 70 na kitu kwa dakika, yametulia. Kisha yale mawimbi madogo yanayotoka vyumba vya juu vya moyo yakaendelea kwa mpangilio uleule, lakini mawimbi makubwa ya vyumba vya chini yakakatika. Juu wanatoa amri, chini haifiki. Sekunde tisa za mawimbi madogo matupu, halafu pigo moja pana, jingine, na mfumo ukarudi. Njia ya umeme kati ya vyumba vya juu na vya chini ilikuwa inakatika kwa vipindi. Akawekewa betri ya moyo (pacemaker), kifaa kinachousukuma moyo upige pale unaposimama. Ukurasa mmoja ule ulifanya kazi ambayo faili zima la vipimo halikuifanya.

Ushahidi upo. Mwaka 2001 timu ya Krahn ilichapisha utafiti wa wagonjwa 60 wenye kuzimia kusikojulikana chanzo, wakagawanywa kwa bahati nasibu: wengine njia ya kawaida ya vipimo, wengine kinasa cha kupandikizwa. Waliopata jibu kwenye kundi la kinasa walikuwa asilimia 52, kwenye njia ya kawaida asilimia 20. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2018 unasema wazi kwamba kwa mtu anayezimia mara kwa mara, chanzo hakijulikani, hana dalili za hatari kubwa na kuna uwezekano mkubwa atazimia tena kabla betri haijaisha, kinasa kiwekwe mapema. Mapema, wakuu. Siyo baada ya kila kitu kingine kushindikana.

Karibuni, mwenye swali aulize, mwenye uzoefu aongeze.

---

Kipepeo_Mweupe

Mkuu umenigusa. Mdogo wangu yuko kwenye dawa za kifafa kwa miaka kadhaa sasa na bado anaanguka. Daktari wa mwanzo alituuliza swali moja, anatetemeka? Tukasema ndiyo. Basi. Kipimo cha ubongo kilirudi kawaida. Je, mtu anaweza kutetemeka na isiwe kifafa?

---

Zamu_ya_Usiku

Dada Kipepeo, anaweza kabisa. Ubongo ukikosa damu ghafla, mikono na miguu hurukaruka. Mwaka 1994 watafiti wa Ujerumani walichapisha kazi ambayo waliwafanya watu wazima wenye afya wazimie kwa makusudi, kwa kuwahemesha haraka, kuwasimamisha ghafla na kuwaambia wajikamue huku wamebana pumzi, huku kamera ya video inawarekodi. Watu 42 walipoteza fahamu kabisa na kuanguka. Kutetemeka kulionekana kwa asilimia 90 yao. Hawakuwa na kifafa hata mmoja wao. Walikaa bila fahamu wastani wa sekunde 12 tu.

Tofauti ziko kwenye maelezo. Wa kuzimia mara nyingi anakuwa mweupe au rangi inampotea, analegea kwanza, mitikisiko inakuja baadaye, ni michache na haina mpangilio, halafu anazinduka haraka na anakutambua. Wa kifafa kikubwa anakakamaa, anatikisika muda mrefu zaidi kwa mdundo mmoja, anaweza kujing'ata ulimi pembeni, na akizinduka anakaa amechanganyikiwa kwa muda, hajui yuko wapi. Hakuna dalili hata moja inayotosha peke yake. Kwa hiyo akianguka tena, mmoja wenu amlaze salama na mwingine achukue video kwa simu tangu mwanzo hadi anapoanza kuongea. Video hiyo mpeleke kwa daktari wa ubongo na umwombe amshirikishe wa moyo.

Dawa msiziache wenyewe, hata kama moyoni mmeshaamua si kifafa. Kukatisha ghafla dawa za kifafa ni hatari.

---

Mpiga_Kasia

Mimi ninacho kifuani ninapoandika hapa, nichangie kidogo.

Siku ya kuwekewa nilikuwa nimejiandaa kwa upasuaji, kumbe kitu chenyewe kilikwisha kabla sijamaliza kuogopa. Nimelala chali, wakapaka dawa ya baridi, wakanichoma sindano ya ganzi ambayo ndiyo iliyouma. Baada ya hapo nilisikia kusukumwa tu, kama mtu anabonyeza kidole gumba kwenye mbavu. Wakaweka gundi ya ngozi na plasta, wakakaa na mimi kidogo kuangalia mawimbi kwenye skrini kama yanaonekana vizuri, nikavaa shati nikaondoka kwa miguu yangu. Pakawa na rangi ya zambarau wiki ya kwanza, pakawa panawasha wiki iliyofuata.

Sasa hivi ukipitisha kidole unakigusa, kiko mshazari, ncha moja kuelekea katikati ya kifua. Nikilalia upande wa kushoto najua kipo. Zaidi ya hapo nasahau. Kuna kisanduku nimewekewa karibu na kitanda, usiku nikiwa nimelala kinavuta taarifa na kuzituma kliniki.

Kilichonisaidia mimi ni hiki: kabla ya hapo nilikuwa naogopa kuoga nikiwa nimefunga mlango. Nikikohoa naogopa, nikipanda ngazi naogopa. Sikupona kwa kuwekewa kifaa, lakini nilijua tukio lijalo halitapita bure.

---

Kinga_Kwanza

Mimi ni daktari, na nakubaliana na mwanzisha uzi kwa mengi, ila kuna jambo nataka liandikwe kwa herufi nzito: kinasa ni cha mtu anayeweza kusubiri. Wapo ambao hawapaswi kusubiri tukio linalofuata hata kidogo.

Ukizimia ukiwa unakimbia au unafanya mazoezi, ukizimia ukiwa umelala, ukizimia baada ya moyo kwenda mbio ghafla, ukiwa na ugonjwa wa moyo unaojulikana, ECG yako ikiwa na kasoro, au ndugu wa damu alikufa ghafla akiwa kijana, hiyo ni safari ya hospitali sasa hivi, na uchunguzi wako unafanyika ukiwa chini ya uangalizi. Mtu ambaye moyo wake umechoka kiasi kwamba unasukuma asilimia 35 ya damu au chini yake kwa kila pigo, anapozimia bila sababu kinachozungumzwa ni kifaa cha kumshtua moyo ukivurugika, kwa sababu pigo baya linalofuata linaweza kuwa la mwisho. Kinasa kingerekodi vizuri sana jinsi alivyofariki. Hatutaki hilo.

La pili. Nimekuwa nikiona wenzetu wanakimbilia kinasa kabla ya kumuuliza mgonjwa maswali. Mgonjwa anasema kila akizimia alikuwa ametoka kukojoa usiku, amesimama, amekunywa dawa ya presha kabla ya kulala. Jibu limekaa mdomoni mwake, na bado anachanwa kifua.

---

Zamu_ya_Usiku

Daktari, umesema vyema na naomba wote waisome hiyo ya kwanza mara mbili. Kwenye la pili pia niko nawe, ingawa kwa ninavyoona mimi, wanaowekewa mapema mno ni wachache kuliko wanaozungushwa. Kuna daftari la wagonjwa 570 wa Ulaya na Israeli lililochapishwa 2011, likiitwa PICTURE. Kabla ya kuwekewa kinasa, mgonjwa wa kawaida kati yao alikuwa ameshafanyiwa vipimo 13 na kuonwa na mabingwa wa fani tatu tofauti. Vipimo 13! Waliozimia tena wakiwa na kinasa, asilimia 78 kilisaidia kuwapatia jibu, na kwa robo tatu ya hao jibu lilikuwa moyo.

---

Shangazi_wa_Wote

Wanangu, mimi namuulizia mama yangu. Ni mtu mzima sana. Amekuwa akianguka, tunamkuta chini. Ukimuuliza anasema nimejikwaa. Mara zulia, mara kiatu. Lakini mara ya mwisho alianguka kwenye sakafu tupu na hana viatu, na hakujikinga hata kwa mkono, uso wote ulivimba. Na yeye anaapa hakuzimia.

---

Kinga_Kwanza

Shangazi, shikamoo. Hilo la kutojikinga kwa mkono ndilo ulilopaswa kuliona, na umeliona. Anayejikwaa hutanguliza mikono. Anayeanguka na uso mara nyingi fahamu zilishaondoka kabla hajafika chini.

Na mama hadanganyi. Watu wazima wengi wanaozimia hawakumbuki kabisa kwamba walipoteza fahamu. Kwenye kumbukumbu yake alikuwa amesimama, kisha yuko chini, na akili inatafuta sababu ya karibu: zulia.

Anza na hivi. Kusanya dawa zake zote, pamoja na anazonunua mwenyewe, mpelekee daktari. Dawa za presha, za kukojoza, za usingizi na baadhi ya dawa za tezi dume kwa wazee wa kiume zinaangusha watu. Apimwe presha akiwa amelala, kisha akisimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Afanyiwe ECG. Kwa umri wake pia kuna kipimo cha kukanda mshipa wa shingoni huku ECG inaendelea, kinafanywa na daktari, nyumbani msijaribu. Vikiwa safi na anaendelea kuanguka hivyo, hapo kinasa kina nafasi kubwa, kwa sababu hakihitaji kukumbuka kwake. Moyo ukisimama kitaweka rekodi hata kama yeye anaapa ni zulia.

---

Shangazi_wa_Wote

Marahaba mwanangu. Dawa zake ni mfuko mzima. Nimeshaanza kuziandika.

---

Nyaya_na_Betri

Swali la kiteknolojia wakuu. Siku hizi saa za mkononi zinapima ECG. Kwa nini mtu achanwe ngozi wakati anaweza kuvaa saa?

---

Zamu_ya_Usiku

Swali zuri mkuu. Saa nyingi ili zichukue ECG lazima uweke kidole cha mkono mwingine juu yake na utulie kama nusu dakika. Aliyezimia hawezi kufanya hivyo, na akizinduka moyo umesharudi sawa. Ile taa ya kijani ya nyuma ya saa inafuatilia mapigo kwa kuangalia mtiririko wa damu kwenye ngozi, na mtu akianguka mkono unatikisika, kipimo kinavurugika palepale panapohitajika. Pia unaivua ukioga na ukichaji. Saa inaweza kukuonyesha moyo unaokwenda mbio au usio na mpangilio kwa muda mrefu, na tumewahi kupata vidokezo vya maana kutoka huko. Kwa kusimama kwa moyo kwa sekunde chache mara moja kwa miezi sita, haitoshi.

Kuna vya katikati pia, plasta za kubandika kifuani za wiki mbili hivi na vinasa vya nje vya mwezi. Ukizimia kila mwezi, anza navyo.

---

Nasubiri_Bado

Mimi nimekata tamaa kidogo. Kifaa kimo ndani zaidi ya mwaka na sijazimia hata mara moja. Kabla ya hapo nilikuwa nazimia. Sasa najiuliza kama nimechanwa bure, na betri inaisha.

---

Mpiga_Kasia

Ndugu yangu, nakuelewa. Unafika mahali unatamani uzimie.

---

Zamu_ya_Usiku

Pole sana Nasubiri. Kwenye lile daftari la PICTURE, waliozimia tena wakati wa kufuatiliwa walikuwa asilimia 38. Walio wengi hawakuzimia, kama wewe. Kuzimia kuna tabia ya kuja kwa mafungu kisha kupotea kwa kipindi kirefu. Kama hujazimia, pia hujaanguka, na hilo ni jema kwako hata kama halijajibu swali.

Na usidhani kimekaa kimya tu. Muulize anayesoma rekodi zako kama kuna chochote kilichonaswa ambacho hukukisikia, kwa mfano moyo kusimama kidogo ukiwa macho mchana, au mapigo ya kukimbia. Vingine vina maana hata bila kuzimia. Uliza pia kama kifaa kinashika mawimbi vizuri. Wakati mwingine kinasogea kidogo chini ya ngozi, mawimbi yanakuwa mafupi, kifaa kinadhani moyo umesimama kumbe ni chenyewe hakisikii. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kutenganisha kusimama kwa kweli na kwa uongo. Kwenye kusimama kwa kweli, mawimbi ni mazuri, yanakatika, yanarudi. Kwenye kule kwa uongo, mawimbi yanafifia taratibu, na ukitazama kwa makini vijipigo vidogo vinaendelea ndani ya huo "ukimya".

---

Jua_la_Asubuhi

Na je kifaa kikinasa wakati nimezimia, halafu kikaonyesha moyo unapiga kawaida? Hiyo ilinitokea mimi. Niliambiwa "moyo uko sawa" nikarudishwa nyumbani, nikahisi kama nimefungiwa mlango.

---

Zamu_ya_Usiku

Dada Jua, hapo walipaswa kukaa na wewe, kwa sababu umepata jibu kubwa. Umezimia, na wakati huohuo mapigo yalikuwa ya kawaida. Maana yake mapigo ya moyo wako siyo chanzo cha kuzimia huko. Mtu aliyezimia huku akiwa na Holter safi ya siku nyingine hana uhakika huo, wewe unao. Betri ya moyo isingekusaidia, na hofu ya kufa ghafla kwa mapigo kuvurugika inapungua sana.

Kinachobaki ni presha na vingine. Kinasa hakipimi presha, hakipimi ubongo. Kinachoona ni umeme wa moyo peke yake. Presha inaweza kuporomoka huku moyo unapiga vizuri. Kwa hiyo unarudi kwa daktari na taarifa hiyo mkononi, mnaangalia kipimo cha meza inayokuinua ukiwa umefungwa mikanda, mnaangalia dawa, maji na chumvi mwilini.

Na kuna mbinu za mwili ambazo watu wanazidharau. Ukisikia dalili zinaanza, pishanisha miguu na uibane kwa nguvu, kaza mapaja na makalio, au kamata mikono yako na uvute kwa nguvu kila mmoja upande wake. Damu inasukumwa kurudi juu. Utafiti wa mwaka 2006 wa wagonjwa 223 wenye kuzimia kwa neva ulionyesha waliofundishwa hivyo walizimia tena asilimia 32, wasiofundishwa asilimia 51. Kwa anayepata dalili mapema, hiyo ni tiba isiyo na dawa. Ukiona haisaidii, lala chini haraka, inua miguu, usione aibu.

---

Kinga_Kwanza

Niongezee upande wa pili wa hilo. Kuna wenye kuzimia kwa neva ambao moyo unasimama kweli kwa muda mrefu. Kwenye rekodi unaona mapigo yanapungua polepole, juu na chini pamoja, halafu yanasimama. Tofauti na yule wa mwanzo ambaye juu yaliendelea na chini yakakatika ghafla. Utafiti wa ISSUE-3 wa mwaka 2012 uliwachukua watu wa miaka 40 na kuendelea ambao kinasa kiliwaonyesha hivyo, wote 77 wakawekewa betri ya moyo, nusu ikawashwa na nusu ikazimwa bila wao kujua. Baada ya miaka miwili, wenye betri iliyozimwa walizimia tena asilimia 57, wenye iliyowashwa asilimia 25. Angalieni kwamba hata iliyowashwa haikumaliza tatizo lote, kwa sababu presha nayo ilikuwa inashuka. Ndiyo maana kwa kijana wa miaka 20 hatukimbilii betri hata moyo ukisimama.

---

Kipepeo_Mweupe

Nimesoma uzi wote kwa sauti hapa nyumbani. Tumepata miadi ya daktari wa moyo. Kama mdogo wangu akiwekewa, sisi wa nyumbani kazi yetu ni nini akianguka? Na ndani ya miaka hiyo ataweza kupimwa MRI ikihitajika?

---

Zamu_ya_Usiku

Vizuri sana dada. MRI anaweza kupimwa kwa vifaa vingi vya sasa, kwa masharti ya mtengenezaji, kwa hiyo awaambie kabla na awe na kadi ya kifaa. Rekodi zilizomo zivutwe kwanza, maana MRI inaweza kuandikisha mapigo ya uongo juu ya ya kweli.

Madhara ya kumweleza mapema ni machache: kidonda kupata maambukizi, ngozi kuwasha, mara chache kifaa kutaka kutoka. Pakiwa pekundu, pana joto au panatoa maji, msingoje miadi.

Akianguka, kwanza yeye mwenyewe: mlazeni, msimweke kitini, msimpe maji kabla hajazinduka kabisa. Asipozinduka haraka au asipohema, hilo siyo la kifaa tena, ni la gari la wagonjwa na kukandamiza kifua. Akishakuwa salama, mmoja wenu abonyeze kile kitufe akikiweka karibu na kifua chake. Yeye mara nyingi atasahau, na kifaa kinarudi nyuma dakika kadhaa tu, mkichelewa sana mnapoteza sehemu muhimu. Andikeni saa na dakika, alikuwa amesimama au amekaa, alikuwa anafanya nini, uso ulikuwa na rangi gani, alitikisika kabla ya kuanguka au baada, alizinduka baada ya muda gani na neno lake la kwanza lilikuwa nini. Mimi ninayesoma rekodi naona mawimbi tu. Bila saa yenu siwezi kusema wimbi lipi ndilo lililomwangusha.

Kisha pigieni kliniki siku hiyohiyo. Nafasi ya kuhifadhi ni ndogo, na matukio mapya yakija mengi yanaweza kufuta la zamani.

---

Kipepeo_Mweupe

Nimenakili yote, nimebandika ukutani karibu na kitanda chake. Video ya mara ya mwisho ninayo, binamu aliichukua bila sisi kujua. Naileta nayo kwenye miadi.